Maji yanayotoka kwenye mabwawa ya majitaka yanakuwa masafi kiasi gani? Nataka kumwagilia mchicha

MamaBustani

Habari za jioni wakuu. Naombeni msaada kwa mwenye uelewa wa kweli sio wa kubahatisha, mana hapa nalisha watu.

Niko Mwanza upande wa Ilemela, nina bustani aliyoniachia marehemu mama, nalima mchicha, chainizi na figiri, nauza sokoni na kuna mama ntilie wawili wanachukua kila asubuhi. Tulikuwa tunatumia kisima cha kuchimba kwa mkono lakini kiangazi hiki kimekauka mpaka unavuta tope, na kumwagilia kwa maji ya bomba ni hasara tupu, bili inameza faida yote. Sasa kuna jirani yangu amepata eneo bondeni, chini ya mabwawa ya majitaka, pale maji yaliyoshapita kwenye mabwawa yote yanatoka kwa mfereji kuelekea Ziwa Victoria. Wenzake wanachota humo wanamwagilia na mboga zao nimeziona kwa macho yangu, majani manene, kijani kimekolea, na hawanunui hata kilo moja ya mbolea ya dukani. Ananiambia njoo tugawane tuta.

Nikaenda kuangalia kwanza. Bwawa la mwanzo jeusi, linatoa mapovu na harufu yake mpaka machozi, yanayofuata ni ya kijani, la mwisho kabisa kuna bata wa porini wanaogelea na pale hainuki kinyesi kabisa, inanuka kama majani mabichi. Nikachota kwenye chupa nikaja nayo nyumbani nikaiweka dirishani, kijani kama maji ya mlenda. Mwanangu wa kidato cha tatu akasema mama huo ni mwani sio uchafu.

Ndo swali langu sasa. Haya mabwawa yanatoa nini hasa na yanaacha nini? Nasikia watu wanasema asilimia tisini ya uchafu inatoka, sasa hiyo kumi inayobaki ni kitu gani, ndo wadudu wenyewe au ni nini? Mchicha naweza kumwagilia au ntaua wateja wangu? Na lingine linanisumbua, maji hayo mwisho wake ziwani na sisi tunakunywa maji ya ziwa hilohilo.

Fundi_wa_Chemba

Shikamoo kama ni mkubwa kwangu mama. Nimefanya kazi ya kuendesha mabwawa ya majitaka miaka kumi na moja, mkoa mwingine sio Mwanza, kwa hiyo ya bwawa lenu siwezi kuyasemea ila mabwawa yote yanafanya kazi kwa kanuni moja, ntakueleza kama nlivyokuwa nawaeleza vijana wanaokuja field.

Majitaka ya majumbani ukiyapima ni maji kwa asilimia 99.9, uchafu wote unaouona na kuunusa umo kwenye ile sehemu ndogo iliyobaki. Yakifika yanapita kwanza kwenye nondo zinazozuia takataka, na mama, vitu vinavyonasa pale ni pampasi, pedi, matambara, mifuko, mpaka mswaki na simu. Baada ya nondo kuna mahali mchanga unatulia. Halafu yanaingia lile bwawa jeusi uliloliona. Lile lina kina kirefu, mita mbili mpaka tano, na humo hakuna oksijeni, makusudi. Bakteria wasiotaka hewa ndo wanakula kinyesi, hayo mapovu ni gesi wanayotoa. Kwa joto letu hili la nyuzi ishirini na kitu, bwawa likiwa zima linapunguza nusu mpaka kama asilimia 70 ya uchafu unaooza, kwa siku chache tu. Wazungu kwao baridi bwawa kama hilo linalala, sisi jua letu ni mtaji.

La pili na kuendelea ni mafupi, mita moja na nusu hivi, hayo ndo ya kijani. Mwani unapata jua unatoa oksijeni, bakteria wengine wanaitumia kumalizia kula kilichobaki, bakteria nao wanatoa hewa ya ukaa ambayo mwani unaitaka. Wanalishana. Hamna pampu, hamna umeme, hamna mtambo wa kuharibika. Kule Manchester mwaka 1914 walianzisha ile njia ya kupuliza hewa kwenye majitaka ili bakteria wafanye kazi haraka, miji mikubwa duniani inaitumia mpaka leo na inatoa asilimia 90 na zaidi ya uchafu unaooza ndani ya masaa tu, lakini umeme ukikatika siku mbili wadudu wanaanza kufa kwa kukosa hewa. Bwawa linataka wiki mbili tatu na eneo kubwa, ila halidai luku.

Hayo ya mwisho yenye bata kina chake ni kama mita moja, kazi yake sio kula uchafu tena, ni kuua vijidudu vya magonjwa. Kinachoua ni jua, na kingine watu hawakijui, mchana mwani unanyonya hewa ya ukaa mpaka maji yanakuwa makali kama magadi, wadudu wa kuhara hawavumilii hali hiyo. Mayai ya minyoo yenyewe ni mazito kuliko maji, yanazama chini yanakaa kwenye tope. Kwa hiyo bwawa lililojengwa vizuri na linalofukuliwa tope kwa wakati linashinda mitambo mingi ya bei mbaya kwenye suala la vijidudu, hilo nalisema kifua mbele.

Mwanao yuko sahihi, kijani ni mwani. Ila asikudanganye kwamba mwani sio kitu, ntarudi hapo kesho sa hivi nimechoka nimetoka kwenye shughuli.

nyanza_damu

Mi naomba niseme hili hata kama sio swali lenyewe. Mnajadili maji yanayotoka bwawani, vipi yale ambayo hayafiki bwawani?? Mi nimezaliwa Mabatini, hapahapa Mwanza. Mvua kubwa ikianza usiku tu unasikia watu wanazibua, wanatapisha vyoo, kinyesi kinashuka na maji kwenye mifereji kinaingia mto Mirongo, Mirongo inapita katikati ya mji mbele ya macho ya kila mtu inaingia ziwani. Hakuna bwawa hapo, hakuna nondo, hakuna bakteria wa kupulizwa hewa. Mdogo wangu alilazwa na kipindupindu tukiwa watoto, nakumbuka mama alikuwa anambeba mgongoni kushuka mlimani kwenye mawe saa nane usiku mana gari haifiki kwetu. Kila nikisikia mtu anauliza kama mtambo unatoa asilimia 90 au 95 moyo unaniuma, kwa sababu mtambo unatibu kilichouingia tu.

Dada_Maabara

@nyanza_damu pole sana kaka, na hicho ulichosema ndo jambo kubwa kuliko yote ntakayoandika hapa chini. Nyumba iliyounganishwa na bomba la majitaka kwenye miji yetu ni chache, wengi ni vyoo vya shimo na chemba. Nashukuru kwamba kwenye hiyo milima ya mawe, Igogo, Mabatini, wameanza kupitisha mabomba madogo ya majitaka yanayolazwa juujuu mana mwamba hauchimbiki, huko ndo kwenye nafuu ya kweli.

Sasa mama, nakuja kwako. Mi napima maji, ndo kazi inayonilisha. Mtu akikwambia asilimia 90 imetoka muulize asilimia 90 ya NINI. Uchafu sio kitu kimoja.

Kuna uchafu unaooza, huo tunaupima kwa oksijeni ambayo bakteria wanaihitaji kuula ndani ya siku tano, tunaita BOD. Majitaka mabichi yanakuja na miligramu 200 mpaka 400 hivi kwa kila lita, kiwango cha Tanzania cha kumwaga ni 30. Kutoka 300 kufika 30 ni hiyo asilimia 90 unayoisikia, hapo sawa, ni mafanikio, samaki hawafi kwa kukosa hewa.

Lakini kwa vijidudu asilimia 90 ni sawa na hujafanya kitu! Angalia hesabu. Majitaka mabichi, kwenye mililita 100, ambayo ni nusu kikombe tu cha chai, kuna bakteria wa kinyesi milioni 10 na zaidi. Ukiondoa asilimia 90 inabaki milioni moja. Ukiondoa 99 inabaki laki moja. 99.9 inabaki elfu kumi. Ukifika 99.99 ndo inabaki elfu moja, na hiyo elfu moja ndo Shirika la Afya Duniani mwaka 1989 waliiweka kama kikomo cha maji ya kumwagilia mboga zinazoliwa mbichi, pamoja na yai la minyoo lisizidi moja kwa lita. Kwa hiyo kwenye vijidudu tunahesabu hizo tisa ziko ngapi. Mabwawa matatu manne mfululizo yakikaa sawa yanafika hapo. Yakijaa tope au maji yakikata njia ya mkato kutoka mlango wa kuingilia mpaka wa kutokea, hayafiki, na kwa macho huwezi kujua, maji yatakuwa na kijani kilekile na bata walewale.

Halafu kuna vitu ambavyo haviozi wala havifi. Chumvi inaingia inatoka kama ilivyo. Vyuma kama risasi, kromiamu, zebaki haviangamii, vinahama tu kutoka kwenye maji vinakaa kwenye tope. Plastiki zile ndogo sana zisizoonekana, zaidi ya asilimia 90 nazo zinabaki kwenye tope. Dawa za hospitali zinatofautiana mno: paracetamol bakteria wanaimaliza karibu yote, ila carbamazepine ambayo ni ya kifafa inapita kana kwamba hakuna mtambo, inaingia kumi inatoka karibu kumi. Diclofenac, ile ya maumivu ambayo kila mtu anainunua duka la dawa, nayo mtambo unaiondoa kidogo tu. Uswisi wameweka sheria tangu 2016, mitambo yao mikubwa inaongezewa hatua ya ozoni au mkaa maalumu ili iondoe asilimia 80 ya hizo dawa. Sisi hatujafika huko na kiukweli kwa hali ya nyanza_damu hapo juu sio pa kuanzia.

Kwa mboga zako, dawa na homoni zisikukoseshe usingizi kwanza, minyoo na kuhara ndo viko mlangoni.

mvuvi_Igombe

Nawasalimu wote. Nimesoma toka juu. Mimi ni mzee kidogo, nimeanza ziwa mwaka 1984, wakati huo ukisimama kwenye mtumbwi hapa nje unaona mawe chini, unaona furu, wale samaki wadogo, wa kila rangi, mwekundu, bluu, njano. Leo mwezi wa kwanza wa pili maji yanakuwa kama rangi imemwagwa, nyavu zinatoka na utelezi wa kijani, na ukitulia upepo samaki wanaelea alfajiri. Magugu maji nayo yakaja miaka ya tisini yakatuzibia mialo mpaka mitumbwi haitoki, wakaleta wale wadudu mbawakavu wakayapunguza.

Swali langu kwa dada na kwa fundi, kama mabwawa yanasafisha vizuri hivyo na maji yanakidhi kiwango cha serikali, mbona ziwa linazidi kuwa kijani? Kuna kitu hakitolewi hapo.

Fundi_wa_Chemba

Mzee wangu umegusa penyewe, na ndo hilo la mwani nlilosema ntarudi.

Kinachobaki ni mbolea. Naitrojeni na fosforasi. Mkojo ndo umejaa naitrojeni, na fosforasi inatoka kwenye mkojo, kinyesi na baadhi ya sabuni. Bakteria wanakula uchafu kwa ajili ya nguvu, wanachukua mbolea kidogo tu ya kujenga miili yao, nyingine inabaki kwenye maji. Naitrojeni ina bahati, sehemu inaweza kugeuka gesi ikapaa ikaenda zake angani. Fosforasi haina gesi. Haiendi popote. Ama izame kwenye tope ama itoke na maji. Mtambo wa kawaida usiojengwa kwa ajili yake unaondoa sehemu ndogo tu ya fosforasi, na mabwawa hayana uhakika, mana mwani unaibeba, na mwani wenyewe ukitoka na maji umeitoa fosforasi nje kwa mlango wa mbele. Wenye hela wanamwaga alamu (shabu) au chumvi za chuma inaganda inazama, au wanafuga bakteria wa aina fulani wanaoimeza fosforasi kupita kiasi kisha wanaondolewa kama tope.

Ndo mana mboga za jirani yako mama zinanenepa, ile mfereji ni mbolea inatembea. Kinachonenepesha mchicha ndo hichohicho kinanenepesha mwani wa ziwa la mzee. Kwa hiyo maji yanaweza kuwa hayana kipindupindu, hayanuki, yamefaulu kipimo cha BOD, na bado yanalilisha ziwa ugonjwa mwingine.

Ila mzee tusilibebeshe bwawa peke yake mzigo. Ziwa letu lina kilomita za mraba karibu 68,800, mbolea inaingia kwa mito, udongo wa mashamba unaosombwa, na nyingine nyingi inadondoka kutoka angani na vumbi na moshi wa kuchoma misitu na mashamba. Majitaka ukilinganisha na ziwa zima ni sehemu ndogo. Shida yake yanaingia sehemu moja, kwenye ghuba, na Ghuba ya Mwanza ni ndefu nyembamba haina kina, maji yake hayachanganyiki haraka na ziwa la nje. Kampala yaliwakuta hayohayo, majitaka ya mji yanashuka kwa mfereji wa Nakivubo yanaingia ghuba ya Murchison, na chanzo chao cha maji ya kunywa cha Ggaba kipo kwenye ghuba hiyohiyo.

Dada_Maabara

Naongezea kwa mzee. Hao furu wa rangi uliowaona, kuna utafiti ulifanyika upande wetu huu wa kusini wa ziwa ukatoka 1997, walikuta furu jike anachagua dume kwa rangi. Maji yakijaa mwani mwanga haupiti vizuri, rangi zinafifia, jike hamtambui dume wa kabila lake, wanachanganyikana na aina zinapotea. Sangara aliwala wengi ndiyo, ila ukungu wa maji nao uliwamaliza kimyakimya. Nikisoma ule utafiti mara ya kwanza nlikaa nikawaza mama yangu alivyokuwa anatuambia majina ya furu, sijui hata moja la kumwambia mwanangu nikamwonyesha.

Na hili naliandika kwa msisitizo mana kuna watu wanachota ziwani na ndoo. Ule utando wa kijani unaoelea kama rangi sio mwani wa kawaida, ni bakteria wa kijani-bluu, na wengine wanatoa sumu inayoshambulia ini. KUCHEMSHA HAKUIONDOI HIYO SUMU. Kuchemsha kunaua kipindupindu, sumu inabaki na pengine inatoka zaidi kwenye wale bakteria waliopasuka. Kwa hiyo ukiona utando usichote hapo hata kama utachemsha nusu saa, sogea mahali maji yako wazi au chota bombani. Na mtoto asiogee hapo.

bwana_vizimba

Sisi wa vizimba vya sato tunalijua hilo vizuri sana. Mwaka juzi asubuhi moja nimekuta kizimba kizima kimegeuka tumbo juu, usiku haukuwa na upepo, mwani mchana unatoa oksijeni lakini usiku nao unavuta hewa, na ukifa unaooza unaimaliza kabisa. Hakuna aliyemwaga sumu, ni maji tu yaliyoshiba mbolea. Nilikuwa na mkopo kwenye kile kizimba. Anayetaka kuweka vizimba asiweke ndani ya ghuba karibu na midomo ya mito na mifereji ya mji, aende kwenye maji yanayotembea, hata kama mafuta ya boti yatamgharimu.

MamaBustani

Marahaba Fundi, na asanteni sana wote, nimesoma mara mbili na mwanangu kanisomea tena ya Dada_Maabara ile hesabu ya tisa tisa nikaielewa. Nyanza_damu pole baba, mi pia nilizika mtoto wa dada yangu kwa kuhara, najua.

Sasa niulize kwa lugha ya bustani. Moja, nikitumia hayo maji, nifanyeje ili mboga isimdhuru mtu? Mbili, jirani anasema pia wakifukua tope la bwawa huwa anapewa bure kama mbolea, nikipata pikapu moja si nimepona msimu mzima?

Fundi_wa_Chemba

Tope naanza nalo mana ndo hatari. Mama, HAPANA kwa mboga. Kumbuka nlisema mayai ya minyoo yanazama chini, na dada akasema vyuma na plastiki vinahamia kwenye tope. Yaani kila kitu maji yalichokiacha kimejikusanya humo. Yai la mnyoo wa tumbo linaweza kukaa hai kwenye tope miezi mpaka miaka, haliogopi wiki mbili za jua kwenye kiroba. Sisi tulikuwa tunalianika kwenye vitanda vya kukaushia, kisha linakaa muda mrefu sana limefunikwa, na hata hapo tulikuwa tunalipeleka kwenye miti, sio mchicha. Na kama kuna viwanda vinavyomwaga kwenye mtandao uleule, bila kupima vyuma usiliguse kabisa. Jirani akiletewa likiwa bichi mwambie alifukie mbali na kisima.

Kuhusu maji. Kwanza omba ruhusa, na uliza wenye mabwawa majibu ya vipimo vya maji yanayotoka, ya karibuni, sio ya mwaka wa ufunguzi. Usiulize yanakidhi au hayakidhi, uliza bakteria wa kinyesi ni wangapi kwa mililita 100 na mayai ya minyoo mangapi kwa lita. Moshi kule Mabogini maji ya mabwawa yanakwenda kwenye mpunga, na mpunga unakobolewa unapikwa, hiyo ni tofauti kabisa na figiri mtu anayeweza kuikatakata kwenye kachumbari.

Chagua unacholima. Kinachopikwa kabisa, mchicha, chainizi, majani ya maboga, matembele, moto unamaliza vijidudu. Kinacholiwa kibichi, nyanya za kachumbari, karoti, saladi, giligilani, usimwagilie na hayo maji hata iweje. Usitumie kopo la kunyunyizia majani, mwagilia kwenye shina kwa mfereji au mpira wa matone, jani lisiguswe. Halafu siku za mwisho kabla ya kuvuna acha, badilisha kwa maji ya kisima au usimwagilie kabisa siku mbili tatu, jua la Mwanza linaua vijidudu vilivyobaki juu ya jani kwa kasi kubwa sana, kila siku inayopita wanapungua. Na usisuuze mboga kwenye mfereji uleule ili ipendeze sokoni!! Hilo nimeliona kwa macho yangu, mtu kalima vizuri mwezi mzima anakuja kuharibu dakika ya mwisho. Suuza kwa maji ya bomba.

Vaa buti na glavu. Huo mfereji ukiwa na majani pembeni kuna konokono, na konokono ndo wanabeba kichocho. Bwawa lenyewe linakizuia kichocho vizuri, mana mayai yanazama na yakianguliwa kijidudu kisipompata konokono ndani ya siku moja kinakufa, ila mtu mmoja akijisaidia pembeni ya mfereji huko chini mzunguko umeanza upya. Wanao wasicheze humo.

nyanza_damu

Fundi na hapo kwenye maji ya kunywa hujamjibu mama.

Dada_Maabara

Nimjibu mimi. Maji ya bomba yanayovutwa ziwani pale Capri Point hayatoki ziwani kwenda jikoni moja kwa moja, yanapitia mtambo wake mwingine, yanachujwa yanatiwa klorini. Kwa hiyo kuna kuta mbili kati ya choo na kikombe, bwawa ni moja, mtambo wa maji safi ni wa pili, na katikati kuna ziwa lenyewe na jua lake. Wapo wanaokunywa maji yaliyotoka kwenye majitaka bila hata ziwa katikati, Windhoek kule Namibia tangu mwaka 1968 wanayasafisha majitaka ya mji mpaka yanarudi kwenye bomba la kunywa, wanatumia ozoni, mkaa, chujio za utando, wanapima kila wakati. Kwa hiyo swali la kama majitaka yanaweza kusafishwa mpaka mwisho lilishajibiwa na Waafrika wenzetu jangwani. Linalobaki ni gharama na ni nani analipa.

Ila kadri ghuba inavyokuwa chafu ndo mtambo wa maji safi unavyohitaji klorini na dawa nyingi zaidi, na mwani unaziba chujio. Hiyo inarudi kwenye bili yako mama. Na wale wasio na bomba, wa visiwani na mialoni, hao hawana ukuta wa pili. Wana wa kwanza tu, kama upo.

mvuvi_Igombe

Hao ndo sisi.

MamaBustani

Mzee wangu nimekusikia.

Leo asubuhi nimeenda na mwanangu ofisini kwao nikaomba majibu ya vipimo, kijana wa pale alishangaa kidogo ila amenipokea vizuri akasema niandike barua, nimeiandika palepale kaunta, mwanangu ndo aliyekaa na kalamu na akaandika vile vipimo viwili alivyovitaja Fundi, bakteria kwa mililita 100 na mayai ya minyoo kwa lita. Wameniambia nirudi Jumatano. Tope nimemkatalia jirani na nimemwonyesha mlichoandika, amekaa kimya muda mrefu akasema msimu uliopita alilitia kwenye karoti.

Figiri nimeamua naing'oa, wale mama ntilie wangu mmoja huwa anaikata mbichi. Mchicha na matembele ntaanza matuta mawili tu kwa mfereji wa shina. Fundi nikuulize la mwisho, kisima changu kilichokauka kiko hatua kama arobaini kutoka choo cha nyumba ya juu yangu, na nyumba hiyo haijaunganishwa na bomba la majitaka. Mvua zikirudi kikajaa, ntayaita hayo maji masafi ya kusuuzia?

Fundi_wa_Chemba

Hapana mama. Kama nyumba iko juu ya mteremko kuliko kisima, hayo yapime kabla hujasuuzia hata jani moja. Chupa safi iliyochemshwa, chota asubuhi, iwe kwenye barafu, ifike maabara siku hiyohiyo.